Priscila na Sinia la Watoto Sita

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Priscila ni usafi wa pakiti zake tupu. Kila Alhamisi akina mama wanaohudhuria kliniki ya lishe kwenye zahanati yetu, hapa kata ya Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, hutakiwa kurudisha pakiti za chakula dawa walizotumia wiki iliyopita, ili tuwe na hakika kwamba zimefika mdomoni mwa mtoto. Wengi huzileta zimekunjamana na kujaa mchanga, nyingine zimetafunwa na mbuzi. Priscila alileta za kwake zimepasuliwa kwa wembe upande mmoja, zimekwanguliwa ndani mpaka zinang'aa, zimepangwa ishirini na moja na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Mimi, afisa lishe wa zahanati, nilimnong'oneza muuguzi Agripina kwamba tumepata mama wa mfano.

"Subiri mzani," Agripina akasema.

Mzani wetu ni ule wa kuning'iniza, wenye uso wa mviringo kama saa na mshale mmoja. Uwimana, binti wa Priscila, ana miezi ishirini. Wiki aliyoandikishwa alikuwa na kilo saba kamili. Baada ya wiki nzima ya pakiti tatu kwa siku, mshale ulisimama palepale, kwenye saba. Utepe wa kupimia mkono nao ukabaki kwenye rangi nyekundu.

Jambo hilo lilitushangaza. Pakiti moja ina karanga iliyosagwa laini, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akizila ipasavyo, kwa kawaida huanza kuongezeka ndani ya siku chache, na mama huona mwenyewe mashavu yakirudi. Tukadhani Uwimana ana ugonjwa mwingine uliojificha. Alipimwa malaria, minyoo, VVU, akachunguzwa kifua kikuu. Hakuna kilichoonekana.

"Pakiti zinatumika zote?" Agripina alimuuliza.

"Zinaisha zote," Priscila akajibu, macho yakiwa chini.

Hakusema uongo. Zilikuwa zinaisha zote.

Uwimana alikuwa mtoto asiyesumbua, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ukimkalisha mahali, utamkuta hapohapo. Hakutembea wala hakutambaa kutafuta kitu. Nywele zake zilikuwa zimepauka na kuwa nyepesi kama za mahindi machanga. Watoto wa umri wake pale kliniki walikuwa wanavuta kamba ya mzani, wanapigania kopo tupu, wanapiga kelele. Yeye aliwatazama kama mtu anayetazama mvua. Chuoni tulifundishwa kuhusu siku elfu moja za mwanzo wa maisha, tangu mimba mpaka miaka miwili, ambamo ubongo hujengwa haraka kuliko wakati mwingine wowote, na tulijibu maswali yake katika mtihani kwa urahisi. Kwa Uwimana zilikuwa zimebaki chini ya mia na hamsini.

Priscila si mzaliwa wa Biharamulo. Alizaliwa Ngara, jirani na Benaco, miaka michache baada ya kambi kubwa ya wakimbizi kufungwa. Ni Mhangaza, Mkatoliki, wa nne kati ya watoto wanane. Alimaliza darasa la saba na wiki iliyofuata akakabidhiwa ndoo ya mayai ya kuchemsha, chumvi na pilipili vimefungwa kwenye karatasi, akaenda kuuza kwa madereva wa malori yanayoelekea Rwanda na Burundi. Aliuza kwa miaka mitano. Nilimuuliza kama mayai yale aliyala.

"Ningeyala nani angeuza nini?" akasema. "Nililipasua moja bahati mbaya, dereva akalikataa. Nikalila. Mama aliniuliza kuhusu hilo yai mpaka Pasaka."

Elick alikuwa utingo kwenye lori mojawapo. Alinunua mayai mawili kila alipopita, akala moja, la pili akamrudishia muuzaji. Wakaoana kanisani, naye Priscila akahamia Nyabusozi, katika boma la mama mkwe wake, Bibi Clotilda. Elick aliacha malori, sasa yuko kwenye machimbo ya dhahabu wilaya nyingine na hurudi mara mbili au tatu kwa mwaka. Wana watoto watatu: Privatus, Speciose na huyu mdogo, Uwimana. Wa nne yuko tumboni, miezi saba. Uwimana aliachishwa ziwa ghafla siku mama yake alipogundua ana mimba hiyo, kwa sababu pale bomani wote waliamini kwamba maziwa ya mama mjamzito humharibu tumbo mtoto anayenyonya. Alikuwa na miezi kumi na tano. Ndipo alipoanza kula kwenye sinia.

Sinia hilo nililiona wiki ya pili, nilipowatembelea nyumbani.

Ilikuwa mchana wa Juni, maharage yamejaa uani yakisubiri kupurwa, na ghala la mahindi limejaa mpaka mlango umegoma kufunga. Niseme wazi kwamba boma lile halikuwa na njaa. Bibi Clotilda alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake sinia pana la bati lenye ugali wa muhogo na bakuli la maharage katikati. Watoto sita walilizunguka: watatu wa Priscila na watatu wa Suzan, mke wa shemeji yake. Bibi alikuwa na kijiti mkononi.

"Anza, mdogo," akasema.

Uwimana akawekewa tonge mkononi. Kisha aliyemfuata kwa umri akachukua tonge, akachovya, akala. Kisha mwingine, mpaka mkubwa, halafu zamu ikarudi kwa mdogo. Aliyethubutu kuchukua kabla ya zamu yake aligongwa kidogo kwenye vidole kwa kile kijiti. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyenyang'anywa. Nimekula kwenye bwalo la sekondari kwa miaka sita na sijawahi kuona mezani haki ya namna ile.

Tatizo ni kwamba zamu ilimrudia Uwimana akiwa bado na tonge lake la kwanza. Alikuwa amelishika tu, akililamba. Bibi akamwangalia, akaona mkono wake una chakula, zamu ikaendelea. Ilipofika raundi ya tano kuku alikuja taratibu, akalichukua lile tonge kutoka mkononi mwa mtoto, akaondoka nalo. Uwimana hakulia. Alitazama kiganja chake kitupu, halafu akaangalia upande mwingine.

Sinia lilipokwisha, Bibi Clotilda akamwambia Priscila, "Lete ile tamu."

Priscila alinitazama mara moja, akaingia ndani, akatoka na pakiti moja ya chakula dawa. Aliipasua kwa wembe. Watoto sita wakanyoosha viganja, naye akakamua tone la ukubwa wa kidole gumba kwenye kila kimoja, akianzia kwa mdogo. Kisha akakwangua ndani ya pakiti kwa kijiko ili kila mmoja aongezewe. Hivyo ndivyo zilivyokuwa zinang'aa.

Nilizungumza vibaya, nakiri. Nilisimama palepale na kuanza kueleza kwamba ile ni tiba ya Uwimana peke yake, kwamba tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo kama ngumi yake na lazima ale kidogo kidogo mara nyingi, kwamba akigawiwa sawa na mwenye miaka tisa si haki bali ni hesabu mbaya. Nilitumia neno "hesabu mbaya" mbele ya wajukuu zake.

Bibi Clotilda alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, bibi."

"Umesoma, hilo naliona. Sasa nikuulize. Mtoto akiumwa homa, mkimpa kidonge, wenzake wanakililia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kichungu."

"Basi. Hii wanaililia. Kitu ambacho watoto sita wanakililia, umpe mmoja, na watano watazame? Kwenu huko wanafanya hivyo?"

Suzan, aliyekuwa anapepeta maharage pembeni, akacheka. "Mwulize vizuri, mama, labda kwao alizaliwa peke yake."

"Sisi kwetu ni saba," nikasema.

"Na mlikula wapi?"

"Kwenye sinia moja."

"Na hukufa," akasema Suzan, akarudi kwenye ungo wake.

Bibi hakucheka. Aliwaamuru watoto wakacheze, akaniambia nikae. Akanieleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane, akapelekwa kwa mjomba pamoja na mdogo wake, Habimana. Mke wa mjomba aliwalisha watoto wake ndani na kufunga mlango. Wao wawili walikaa nje wakisikia vijiko. Wakipelekewa chakula, kilikuwa ukoko. Habimana hakumaliza mwaka.

"Sijui kama aliuawa na njaa au na ule mlango," akasema. "Nilipopata nyumba yangu nilisema, hapa hakuna mtoto atakayekula mwenzake akitazama. Nimelea saba. Wote wako hai. Muulize yeyote hapa Nyabusozi kama kuna mtoto aliyepita kwenye uwanja huu akanyimwa."

Nilirudi zahanati nikiwa na maelezo ya kitaalamu na nikijiona mjinga.

Priscila alikuwa amelielewa jambo hilo, kwamba mgawo sawa unamwacha Uwimana na njaa, muda mrefu kabla yangu. Alilielewa tangu wiki ya kwanza, kwa mikono yake, kila alipombeba mtoto. Lakini kuelewa hakukumfungulia njia. Yeye ni mke wa mtoto wa kiume katika boma la mama mkwe. Anapika, lakini hagawi. Sufuria ikishaepuliwa, mamlaka yake yanaishia hapo. Yeye mwenyewe hula mwisho, kilichobaki, na tumbo lile la miezi saba, na haoni kama kuna la kulalamikia.

Alijaribu kwanza kwa Elick. Alipanda kichuguu kilicho nyuma ya shamba, mahali pekee penye mtandao, akampigia.

"Mama amelea watoto saba," Elick akamwambia. "Wewe mbona mmoja tu anakushinda?"

"Simsemi mama vibaya. Nasema mtoto hapati cha kutosha."

"Ghala limejaa au halijajaa?"

"Limejaa."

"Basi msikilize mama. Mimi nikirudi tutaongea."

"Unarudi lini?"

"Priscila, huku tuko chini ya ardhi. Sijui hata leo ni siku gani."

Kisha akampigia kaka yake, Frednand, kule Ngara, akamwomba amruhusu kwenda kukaa kwao na Uwimana kwa wiki sita tu. Frednand ni mtu wa utani hata kwenye msiba.

"Chumba chako analala mbuzi mwenye mimba," akasema. "Naye hana pa kwenda. Nikiwaweka wajawazito wawili humo, mtagombana."

"Nasema kweli, kaka."

"Na mimi nasema kweli. Ukija bila mumeo kukutuma watasema umefukuzwa. Baba hataivumilia hiyo aibu. Umeolewa, dada. Malizaneni hukohuko."

Ikabaki njia ya tatu, ambayo aliichukia. Alianza kuficha pakiti mbili kwenye khanga kila asubuhi na kumbeba Uwimana hadi katikati ya shamba la mihogo, mahali ambapo majani yamesongamana. Huko alimlisha kwa kidole, polepole. Aliniambia kwamba siku ya tatu mtoto alianza kufungua mdomo kabla ya kuguswa. Siku ya nne alikishika kidole cha mama yake na kukivuta. "Mkono wake ulikuwa na nguvu," akasema. "Nilikuwa sijausikia mkono wake tangu alipokuwa ananyonya."

Siku ya tano Speciose aliwafuata. Ana miaka mitano. Alisimama kati ya mihogo akawatazama, akageuka akarudi uani na kumwambia bibi yake kwamba mama na Uwimana wanakula porini.

Hakuna aliyempiga Priscila wala kumtukana. Bibi Clotilda aliacha tu kula. Mchana akasema hana njaa, jioni akasema hana njaa, kesho yake vilevile. Watoto walikula, yeye akagawa kwa kijiti chake, kisha akaosha mikono bila kuonja. Majirani wakapita, wakauliza kama bibi anaumwa. "Haumwi," Suzan akawajibu. "Amegundua ana mkwe anayekula na panya." Na kwa Priscila mwenyewe, alipokuwa anachota maji: "Mama Privatus, leo huendi mezani kwako kule kwenye mihogo? Wenyeji watakukumbuka."

Siku ya pili Priscila alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaomba radhi. Pakiti zikarudi kwenye viganja sita. Bibi akala.

Alhamisi iliyofuata, wiki ya tatu, kile kidogo alichopata mihogoni kilikuwa kimekwisha potea: Uwimana alikuwa na kilo sita na gramu mia tisa.

Muuguzi Agripina alifunga daftari. Si mtu mkali, lakini ana watoto mia mbili kwenye daftari lile na amekwisha kuandika msalaba mbele ya baadhi ya majina. "Mama Uwimana, nakupa wiki moja," akasema. "Alhamisi ijayo akiongezeka hata gramu mia mbili, tunaendelea hapa. Asipoongezeka, naandika rufaa siku hiyohiyo. Anakwenda kulazwa hospitali."

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki tatu. Nne. Na wewe unakaa naye wodini."

Priscila aliitikia kwa kichwa, lakini nilimwona anavyopiga mahesabu kichwani. Miezi saba ya mimba. Maharage uani ambayo mvua moja tu isiyotarajiwa ingeyaotesha. Privatus na Speciose wa kuachwa. Elick asiyepatikana kwa simu. Na zaidi ya yote, mtoto wa jirani yao wa mwisho kulazwa hospitali kwa ugonjwa huu alirudi amefunikwa shuka, kwa sababu alipelekwa amechelewa. Bomani hakuna anayekumbuka kwamba alichelewa. Wanakumbuka shuka.

Agripina aliniomba niwasindikize nyumbani nikaieleze familia habari za rufaa. Tulitembea karibu saa nzima. Priscila alibeba mtoto mgongoni na mfuko wa pakiti ishirini na moja mkononi, akitembea mbele yangu huku ameegemea nyuma kidogo kwa ajili ya tumbo.

Bibi Clotilda alikuwa anapura maharage. Fimbo ilipanda na kushuka, maganda yakaruka.

"Shikamoo, mama," Priscila akasema.

"Marahaba. Ameongezeka?"

"Amepungua."

Fimbo ikaendelea. "Huo mzani wenu unapimwa na nani?"

Nilifungua kinywa. Priscila akanigusa mkono, nikanyamaza. Alipiga magoti kwenye maganda, kwa shida, akauweka mfuko mbele ya miguu ya mama mkwe wake.

"Mama, hizi kuanzia leo zishike wewe."

"Za nini?"

"Wewe ndiye unayegawa hapa. Mimi nilikosa nilipogawa mafichoni. Zishike zote. Ukiona zigawanywe kwa sita, gawa. Ukiona vingine, fanya vingine. Mimi sitauliza, na sitazihesabu."

Bibi akaishusha fimbo.

"Na Alhamisi umpeleke wewe kwenye mzani," Priscila akaendelea. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Ukamtundike mwenyewe, usome mwenyewe."

"Mimi sikusoma, unajua."

"Ule ni mshale tu, mama. Hata Speciose anausoma. Leo umesimama chini kidogo ya saba. Ukipanda juu ya saba, ukagusa mstari wa kwanza, haendi hospitali. Usipopanda, mimi nitakwenda naye hospitali na tumbo hili, na wewe utabaki na maharage, na watoto."

"Unanitega, mama Privatus."

"Hapana, mama. Nimefika mwisho. Elick amenirudisha kwako. Frednand amenirudisha kwako. Muuguzi anasema wiki moja. Sina mtu mwingine wa kumpa."

Suzan alikuwa ameacha kupepeta. Bibi Clotilda aliutazama ule mfuko kwa muda. Kisha akamtazama Uwimana, ambaye alikuwa ameamka mgongoni mwa mama yake na anatazama vumbi la maharage. Akaukokota mfuko kwa ncha ya fimbo mpaka chini ya kigoda chake, akaendelea kupura.

Wiki iliyofuata, ambayo ndiyo hii, Priscila anasema ni ndefu kuliko mimba zake zote. Tangu Ijumaa Bibi Clotilda huamka, humfunga Uwimana mgongoni na kwenda naye kwenye shamba la mbali, ng'ambo ya kijito, ambako kuna maharage yaliyochelewa kukauka. Hurudi mchana kwa ajili ya sinia. Jioni huondoka naye tena kufuata kuni. Anachofanya huko hakuna ajuaye. Mfuko hauonekani chini ya kigoda. Pakiti tupu hazionekani popote.

Jumamosi Speciose aliuliza zile tamu ziko wapi. "Muulize mama yako," bibi akamjibu. Mama yake akamwambia amuulize bibi. Mtoto akaenda kumuuliza Suzan, naye akamwambia zimekwenda machimboni kwa baba yake.

Jumapili, baada ya misa, Priscila alimwona mmoja wa watoto wa Suzan amejibanza nyuma ya ghala analamba kiganja. Inaweza kuwa alikuwa analamba asali. Inaweza kuwa sukari ya chai. Alisimama pale na ndoo kichwani, akataka kumkamata ule mkono aunuse. Alikuwa ameahidi kwamba hatauliza, naye anaamini kwamba siku atakayouliza, bibi atamtupia mfuko wake mbele ya watu na mambo yatarudi yalivyokuwa. Kwa hiyo akapita na maji yake.

Anasema mara nyingine humchukia mama mkwe, mara nyingine humwonea huruma kwa kumtwika mzigo ule. Usiku mmoja aliota amekwenda kwenye mzani akakuta aliyetundikwa ni yeye mwenyewe, Priscila, na mshale haugusi namba yoyote. Aliponisimulia alicheka kidogo, kisha akaacha.

Leo Jumatano nilipita pale bomani alasiri. Bibi Clotilda alikuwa anafua gauni la njano la mtoto na kulikamua kwa nguvu.

"Mwanangu, mzani unatundikwa saa ngapi kesho?"

"Saa mbili asubuhi, bibi."

"Nitakuwepo saa moja. Msinianzie na watu wengine."

"Uwimana anaendeleaje?"

"Kesho utauliza mzani wako," akasema, akaanika gauni kwenye kamba.

Uwimana alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, amelala usingizi akiwa ameketi, kichwa kimeegemea gunia. Nilijaribu kuyasoma mashavu yake. Nina shahada, na nilifundishwa kumtazama mtoto na kukisia, lakini sikuweza kukisia.

Priscila alinisindikiza mpaka njiani.

"Wewe ukimbeba unaweza kujua kabla ya mzani?" akaniuliza.

"Gramu mia mbili mkono haujui, dada."

"Mimi sijambeba tangu Jumatatu. Naogopa nisije nikajua." Akajishika kiuno, akanyoosha mgongo. "Mimi kesho sitakuja. Nimesema ampeleke yeye, nikija ataona namlinda. Na haya maharage yanahitaji mtu. Nitakuwa hapa. Ukiona mshale, nipigie kwa simu ya Suzan. Nimemwomba akae nayo karibu na kichuguu tangu saa mbili."

"Amekubali?"

"Amesema atakaa juu kabisa, kama kunguru." Alitabasamu. Halafu akaniomba jambo moja zaidi: nikipiga, nisianze na salamu, nisianze na habari za asubuhi. Niseme namba kwanza.

Nimemwahidi. Kamba ya mzani nimeikagua, na mshale nimeurudisha kwenye sifuri. Imebaki Bibi Clotilda afike saa moja, kama alivyosema, na mtoto mgongoni.